Ajenda Isiyo na Jina

"Kitu ya bure, Mama OPJ, inakulipisha baadaye," Josias alisema, na kwa kidole kimoja akakisukuma juu ya meza kidude kiitwacho ajenda namba nne, kama mtu anayekataa uji. "Ile ordinateri ya fundi Havugimana imekula batoto wote wa Kituku. Mimi nifanye nini? Nilie?"

Émérance Nshobole hakukaa. Kiti alipewa, akakitazama, akakiacha. Kati ya ma-OPJ, maofisa wa polisi ya upelelezi ya Goma, alikuwa amebaki karibu peke yake anayefungua mlango wa ofisi asubuhi. Mshahara ulikuwa hadithi, mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na Januari mlima wa moto ulikuwa umeshuka mpaka barabarani kuchoma kile ambacho waasi walikisahau. Hasira alikuwa nazo za kutosha. Hakuhitaji za kuongezewa na mwanaume aliyevaa shati lililopigwa pasi katika mji usio na umeme.

"Nilikuuliza mutoto mumoja," alisema. "Igihozo. Miaka sita. Sikukuuliza habari ya kulia."

Shirika ambalo Josias alikuwa mratibu wake lilikuwa na kazi moja tu tangu mlipuko: kuandika watoto waliopotezana na wazazi wao siku ile watu walipokimbia ovyo, huyu Gisenyi, yule Sake, mwingine Kituku kwenye mitumbwi. Waandikaji walitembea na ajenda za mkononi, vidude vya ukubwa wa kipande cha sabuni. Unaandika kwa kijiti juu ya kioo, na jioni unakilaza kidude katika kitako chake kando ya kompyuta, ordinateri kwa wenyeji, unabonyeza kitufe, majina yanahamia ndani. Nyumba kubwa ya shirika, pamoja na kompyuta zake za fahari, ilikuwa imezikwa. Vilibaki vyumba viwili vya uani, na nyuma yake lava yenyewe, nyeusi, imeegemea ukuta uliobomoka, bado ina moto tumboni. Mvua ikinyesha ilifuka.

Nje, chini ya dirisha, mama wa mtoto alikuwa amekaa juu ya kitenge chake na hakuna aliyeweza kumwondoa. Nyirakamana aliambiwa na muuza samaki wa Kituku: mtoto wako nilimwona kwa macho yangu, mtu wa kidude alimwandika, halafu siku nyingine akaja mama mmoja na gari, akambeba. Nyirakamana akaja hapa. Wakamwambia jina hilo haliko. Akarudi. Haliko. Ndipo akaenda kwa Nshobole, na Nshobole akamuuliza kama anavyouliza kila mtu: mtoto ana alama gani?

"Hana kovu," Nyirakamana alijibu. "Jino ya mbele imeng'oka. Na ukimuita, hasemi 'nini' kama batoto ba siku hizi. Anasema 'Karame'. Kwetu mutoto anamuitikia mzazi vile, ni kumutakia maisha marefu. Hata akiwa na usingizi, Mama OPJ. Hata akiwa amekasirika."

Nshobole aliandika jino. Lile la pili hakuliandika, kwa sababu kwa polisi alama ni kitu cha kuonekana.

"Rudia," alimwambia Josias sasa. "Toka mwanzo. Namba nne ilikuwa ya nani?"

"Ya Théoneste. Ndiye alikuwa anaandika Kituku. Siku ya posho asubuhi akanirudishia, akapanda boti ya Bukavu."

"Jumamosi. Kwenda kufanya nini?"

"Nilimutuma. Kazi."

"Simu yake?"

"Haishiki."

"Ajenda uliiweka wapi?"

"Katika mtoto wa meza hii. Nikafunga. Siku ya kwanza, Jumatatu, nikaitoa mbele ya batu wote, nikailaza kwa kitako, nikabonyeza. Ordinateri ikasema tayari. Tukafungua: utupu. Ajenda utupu, ordinateri utupu. Muulize Célestin."

Célestin, mwandikaji mwingine, mwanaume mwembamba aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinamisha kichwa. Ndiyo, aliona.

"Nikaita wanajeshi, wakamuchukua Havugimana," Josias aliendelea. "Fundi anayeharibu kazi ya batoto ni adui. Na saa nane kuna mutu anatoka Gisenyi. Ataosha ile mashini, ataweka programu ya kweli. Ya kulipia."

"Ataosha yote?"

"Yote."

Ilikuwa inakaribia saa tano. Nshobole alitoa kichwa dirishani akaita, na Havugimana akaingia, maana alikuwa amemtoa kasho, selo ya wanajeshi, asubuhi hiyo hiyo kwa kumpigia mlinzi kelele mpaka mlinzi akachoka. Fundi aliingia ameshika suruali kwa mkono, mkanda walimnyang'anya. Alikuwa kijana aliyesoma, na alipenda watu walijue hilo.

"Nimelala juu ya simenti siku mbili," alianza, "juu ya ujinga ya mutu mwengine, na mimi ndiye peke yangu katika hii Goma—"

"Funga domo. Utajibu ninachouliza, basi. Nikiuliza moja usinipe mbili. Yule mama hana mutoto, na mimi sina subira. Hii mashini inafanya kazi namna gani?"

Havugimana alivuta pumzi ya mtu aliyeonewa. Akatoka kuwasha jenereta uani, akarudi, akakaa. Kompyuta ilikuwa haina kifuniko, vipande vyake vimeng'olewa kwenye maiti za kompyuta nyingine, na waya wa kuunganisha kitako aliuunga mwenyewe kwa mkia wa kipanya cha kompyuta iliyokufa. Ndani mlikuwa na Linux, mfumo ambao watu wa dunia nzima wameuandika wakauacha wazi, bila bei.

"Ile ya kulipia ni sanduku ya padri," alisema. "Huone ndani. Hii unafungua, unaangalia kila kitu inafanya. Ikikosea, inakuambia imekosea wapi."

"Haikukuambia imekula batoto?" Josias alidakia.

"Na weye funga domo," Nshobole alisema.

Havugimana aliandika amri kwenye kioo cheusi, akalaza kwanza ajenda namba mbili, ya Célestin, akabonyeza kitufe. Kidude kililia tii.

"Mbele ya kuchukua kitu, mashini inaiuliza: weye nani? Kila ajenda niliipa jina siku ya kwanza."

Kwenye kioo likatokea jibu: Mbili, Célestin. Fundi akaiondoa, akalaza namba nne. Ikalia tii. Mashini ikauliza. Mahali pa jina pakabaki peupe.

"Munaona?" Josias alipiga makofi. "Imekula mpaka jina!"

Lakini Havugimana alikuwa amekigeuza kidude, anaangalia mgongo wake.

"Jina haliondoke na kitufe," alisema hatimaye. "Linaondoka ajenda ikikufa. Kila kitu iko nacho ndani kinashikwa na nguvu ya pile. Zile betri mbili za mugongoni. Ukizitoa zote mbili, ukachelewa kidogo, kwisha. Inazaliwa upya. Haijue jina, haijue batoto, haijue siku."

"Ngoja. Haijui siku?"

"Haijue."

"Sasa hivi inafikiri leo ni siku gani?"

Alibonyeza kwa kijiti. "Tarehe ine ya Januari, ya mwaka wa zamani. Saa saba ya usiku."

Nje jua lilikuwa linachoma mabati.

"Ikizaliwa inaanza kuhesabu wapi?"

"Tarehe moja ya Januari, saa sita ya usiku kamili. Kiwandani waliamua vile. Halafu saa inatembea, hata kama hakuna mutu anaiangalia."

Nshobole alinyoosha vidole vyake mwenyewe mbele ya macho. "Tarehe moja mpaka ine, siku tatu. Saa sita mpaka saa saba, saa moja. Leo Jumatano, saa tano. Rudi nyuma siku tatu."

"Siku ya Mungu," Célestin alisema kutoka mlangoni.

"Rudi saa moja."

"Saa ine ya asubuhi. Saa ya misa."

Alimgeukia Josias taratibu, na Josias, kusema kweli, hakupepesa jicho.

"Kitufe ulibonyeza Jumatatu," Nshobole alisema. "Mbele ya batu wote. Ajenda ilikuwa imekufa tangu Jumapili! Unapeleka maiti hospitali, halafu unamufunga daktari?"

"Mimi si fundi. Nilijua nini?"

"Jumapili ilikuwa wapi?"

"Ndani ya meza. Basi ni Théoneste ameitengeneza vile mbele ya kwenda!"

"Jumapili Théoneste alikuwa Bukavu. Umesema mwenyewe."

"Basi muulize huyu." Alimwonyesha Célestin kwa kidevu. "Anakujaka hapa hata siku ya Mungu."

"Mimi?" Célestin aliingia ndani hatua nzima. "Mimi niko mwimbaji! Kanisa kubwa iko chini ya mawe, tunasalia kwa kiwanja cha masomo, batu elfu wananitazama. Muulize yeyote! Muulize padri!"

"Ufunguo wa meza?" Nshobole aliuliza.

"Ninao mimi," Josias alisema. "Lakini vuta hiyo kufuli, Mama OPJ. Vuta."

Alivuta. Mtoto wa meza akatoka bila ufunguo, kama ulimi. Kufuli ilikuwa imechoka siku nyingi. Mtu yeyote mwenye msumari angeweza kufungua. Nshobole alimrudisha ndani kwa kishindo. Hakuna kitu kilichomuudhi kama mwongo mwenye hoja.

Aliichukua namba nne, akafungua mgongo wake kwa ukucha. Betri mbili nyembamba zilikuwemo. Akazitoa, akazipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Kila moja ilikuwa na alama za meno tumboni, na penye alama hizo chembe nyeusi zilikuwa zimenata, chembe za mawe ya mlima.

"Nani anauma pile hapa?"

Josias alicheka, tena kicheko cha kweli. "Mama OPJ! Goma nzima inauma pile. Na weye unauma."

Na hapo pia alisema kweli, mjinga yule. Betri ya redio ikichoka unaiuma kidogo, unaianika juani, inapata pumzi. Tangu Januari hakuna aliyehangaika tena na jua: unaziweka juu ya mawe ya moto nyuma ya nyumba, unakunywa chai, unarudi, redio inasema. Jana jioni Nshobole mwenyewe alikuwa amefanya hivyo. Ukitaka kumfunga mtu wa Goma kwa kuuma betri, jenga jela kuanzia Sake mpaka mpakani.

Alizishika zile betri kiganjani muda mrefu. Halafu uso wake ukabadilika.

"Bwana Josias," alisema kwa sauti ya upole ambayo ilimfanya Célestin asogee nyuma, "yule mama nje hajanywa maji tangu asubuhi. Mutafutie maji."

"Mimi?"

"Weye ndiye kordinateri. Ni batoto bako."

Alitoka akiburuta viatu. Mlango ulipofungwa Nshobole akamwinamia fundi. "Ile ajenda ya Célestin. Iko na kopi?"

"Nilipobonyeza mbele yenu, nimechukua yote. Iko salama ndani ya mashini."

"Vizuri. Iwekee hizi pile mbovu, kwa namna yenu, isikufe."

Havugimana aliitoa betri moja, akaingiza moja iliyoumwa, akafunga, akangoja, akafanya vile vile kwa ya pili. Kioo cha namba mbili kikafifia kama macho ya mgonjwa. Nshobole akamkabidhi Célestin.

"Inakufa. Iokoe."

Célestin hakuuliza swali. Alichomoa mfukoni pakiti ya betri mpya, akatoa moja ya zamani, akaingiza moja mpya, akafunga mgongo, akavuta pumzi, akafungua tena, akabadilisha ya pili. Vidole vyake vilifanya peke yao huku macho yake yakimtazama Nshobole.

"Nani alikufundisha moja moja?"

"Huyu hapa." Célestin alimwonyesha fundi. "Alitupigia kelele siku nzima. Sote."

"Sote nani?"

"Sisi benye kuandika."

Fundi akarudisha mbovu kwa mpango ule ule, moja moja. Nshobole akachukua zile betri mpya zote, zilizotoka ndani na za pakiti, akazitia mkobani. "Sasa mutu asiseme neno," alisema. "Hata kukohoa, asikohoe."

Josias aliporudi alimkuta amesimama katikati ya chumba na namba mbili mkononi, na uso wa mwanamke aliyeshindwa.

"Bwana Josias, nisaidie. Célestin anasema humu kuna kitu kuhusu Igihozo, lakini ona, haionekane. Pile zimechoka, mpya zimekwisha. Na mimi mambo ya mashini..."

Josias alifurahi. Hilo lilionekana wazi: alifurahi kuombwa, alifurahi kuonekana mtu mwema mwenye ujuzi. Akaichukua ajenda, akafungua mgongo, akaigonga kiganjani. Betri zote mbili zikaanguka pamoja. Akaiuma ya kwanza. Akaiuma ya pili.

"Muzee, hapana!" Célestin aliruka. "Zote mbili? Unaiua!"

"Kelele ya nini? Dakika chache tu kwa mawe zitapata nguvu. Siku zote tunafanya vile." Tayari alikuwa amefungua mlango wa nyuma. Walimwona akipanda juu ya kifusi, akainama, akachagua ufa anaoujua yeye, akazipanga betri ubavu kwa ubavu juu ya jiwe, akapangusa mikono. Mkono uliozoea hauhitaji taa.

Nshobole alimwacha. Alimwacha arudi, aketi, azungumze habari za mvua. Alimwacha mpaka alipokwenda kuzichukua, akazirudisha ndani, akafunga mgongo, akabonyeza. Kioo kiliwaka vizuri sana, maandishi meusi juu ya kijani.

"Soma," Nshobole alisema.

Josias alisoma. Midomo yake ilisogea bila sauti.

"Soma kwa nguvu, na bengine basikie!"

"Tarehe moja," Josias alisema. "Januari."

"Saa?"

"Saa sita ya usiku."

"Jina?"

Jina halikuwepo.

"Benye kuandika wote wanajua moja moja," Nshobole alisema, na sasa sauti ilianza kupanda. "Mwizi wa njiani angeibeba yote, asingeirudisha ndani ya meza. Mutu aliyeua namba nne aliitaka kusoma. Kioo kikafifia. Akafanya kama tunavyofanya sisi bote, akauma, akaenda kwa mawe. Ni mutu anayeshika hizi ajenda kila siku bila kujifunza kitu, kwa sababu siku ya kujifunza alikuwa mukubwa mno. Njia ya mwongo ni fupi, Bwana Josias. Yako imeishia kwa lile jiwe."

Mtu yule alitazama mlango, akatazama mikono yake yenye vumbi jeusi. Shati lilianza kumlowa kwapani.

"Nilitaka mumoja tu," alisema.

"Nini?"

"Kufuta mumoja. Théoneste alikuwa ameandika maneno ambayo hayakufaa kuandikwa. Kuna mukubwa mumoja, bila yeye hatuna hata ruhusa ya kutembea barabarani, na bibi yake aliomba mutoto wa kumusaidia nyumbani. Nilimupa. Anakula vizuri kule! Kuliko kwa hema! Nilitaka nifute ile mustari, basi. Sikujua pile zitafuta bote."

Hapo Nshobole alipiga meza kwa kiganja, na Nyirakamana kule nje akasimama.

"Ulimupa! Ni mbuzi? Ni kuku ya Noeli? Mama yake anakuja mulangoni kwako, anasimama hapa, anataja jina, na weye unamutazama katika macho unamuambia haliko! Na batoto ba bengine bote, benye mama zao bangali banatafuta, umebafuta juu ya kuficha mumoja! Nyumba gani? Bibi wa nani?"

Lakini kupigiwa kelele kulimrudishia Josias akili. Alikunja mikono kifuani.

"Sikumbuke," alisema. "Andika unavyotaka. Ajenda utupu, ordinateri utupu. Théoneste hatarudi karibu. Hakuna jina, hakuna mutoto. Na saa nane mutu wa Gisenyi anakuja."

Jenereta ilinguruma uani. Halafu mtu akacheka, na alikuwa Havugimana, huku ameshika suruali yake.

"Muzee, zile ordinateri zako za zamani, ukiziletea utupu, zinakunywa utupu, zinafuta na yale yaliyokuwa ndani. Siku moja ulituona tukilia vile, nakumbuka, ndiyo maana ulibonyeza Jumatatu mbele ya batu. Ulitaka mashini ifute kwa mukono wake." Aligeukia kioo, akaanza kuandika. "Yangu niliifundisha vingine. Ajenda ikija utupu, ya zamani haitupwe. Inawekwa kando."

Nshobole alimkazia macho. "Iko? Majina yako? Na umenyamaza saa yote hii?"

"Uliniambia ukiuliza moja nisikupe mbili!"

Kama kungekuwa na kitu cha kumrushia, angemrushia. Hakikuwepo, na kosa lilikuwa lake, na hilo lilimuudhi zaidi. "Fungua," alisema akisaga meno.

Yalitokea majina yote, moja chini ya jingine, watoto wa Kituku kama walivyoandikwa mpaka Ijumaa jioni. Célestin alifanya ishara ya msalaba. Havugimana akashuka nayo mpaka alipofika kwa Igihozo, akajitoa kwenye kiti bila kuambiwa, ili Mama OPJ akae. Mara hii alikaa.

Igihozo, miaka sita, alisoma. Jino la mbele limeng'oka. Mama: Nyirakamana. Amechukuliwa na Mama Louise, anasema ni shangazi. Keshero, nyumba ya komanda, geti la bluu. Josias ameruhusu. Mtoto amelia sana, anasema hamjui.

Akasoma tena ule mstari wa mwisho. Kisha akainuka.

"Célestin, kaa hapa. Mutu wa Gisenyi akifika, mwambie mashini iko mzima, arudi kwao. Akigusa kitako hiki, uimbe kwa nguvu mpaka padri akusikie. Weye, Havugimana, fuata mkanda wako. Na weye," alimwambia Josias, "tunatoka."

"Kwa Komanda? Mama OPJ, uko na wazimu? Uko na bunduki?"

"Sina. Niko na weye."

Walikwenda kwa pikipiki mbili, juu ya barabara ambayo nusu yake ilikuwa lava iliyosawazishwa kwa sururu, vumbi jeusi machoni mpaka Keshero. Josias alipandishwa ya kwanza. Nyirakamana alikaa nyuma ya Nshobole, amemshika kiuno.

Geti la bluu lilikuwa na mlinzi mmoja, mwanajeshi mwenye bunduki na ndala. Nshobole alimsukuma Josias mbele. "Weye ndiye ulimuleta. Weye ndiye utagonga."

Aligonga. Mama Louise alitoka mwenyewe, kitenge cha bei, simu mkononi, na alipomwona Josias hakuwasalimu.

"Igihozo?" alisema. "Sina mutu wa jina ile. Niko na mutoto wa marehemu dada yangu wa Kindu. Anaitwa Divine. Bwana Josias, ni weye unaniletea polisi?"

Josias alitazama viatu vyake.

"Nimuone huyo Divine," Nshobole alisema. "Mdomo wake tu. Nione pengo ya jino moja."

"Anaumwa. Amelala. Na mutu akiingia humu, Komanda atauliza ni nani alimufungulia." Mlinzi alihamisha bunduki mkono wa pili. "Kesho tunasafiri Kindu. Mukitaka, muje kesho kutwa."

Nshobole alikuwa na karatasi ya mashtaka na kalamu. Alijua, na Louise alijua, kwamba wakigeuka sasa hapatakuwa na mtoto humu jioni. Ukuta ulikuwa mrefu, wa mawe ya mlima, na jino haliwezi kuonekana kupitia ukuta. Alama ni kitu cha kuonekana! Mjinga yeye, ndivyo alivyowafundisha hata wadogo zake kazini. Hasira zikampanda upya, safari hii juu yake mwenyewe, kwa lile ambalo hakuliandika.

"Muite," alimwambia Nyirakamana.

Nyirakamana alikwenda mpaka ukutani, akaweka viganja vyote viwili juu ya mawe. Hakulia, hakubembeleza. Aliita mara moja, kwa ukali, kama unavyomwita mtoto aliyechelewa kuchota maji.

"Igihozo!"

Kuku walitawanyika upande wa pili. Louise alicheka kidogo. "Munaona? Nimewaambia ni—"

Nyuma ya jiko beseni lilianguka. Kisha sauti ndogo, yenye upepo mahali pa jino, ikaja mbio kuelekea geti.

"Karame, mama!"

"Ni Divine anacheza," Louise alisema. "Batoto banaigaka."

Hakuna aliyemsikiliza. Mlinzi alikuwa anamtazama yule mwanamke ukutani, na kinywa chake kilikuwa wazi.

"Kwetu Masisi," alisema polepole, "mama yangu nilimuitikaka vile."

Akatundika bunduki begani, akavuta komeo la geti mwenyewe.